Mke wa Mazoezi na Viti Vyangu Viwili

Ndugu mgeni rasmi, uliyetoka mbali ukatufungulia sherehe yetu kwa maneno mazuri; ndugu Mkurugenzi wa kituo hiki cha ushauri wa ndoa; wajumbe wa bodi; washauri, makarani na wahudumu; majirani mlioacha shughuli zenu mkaja; wake kwa waume mliowahi kuingia chumba namba nne mkiwa hamsemeshani mkatoka mmeshikana mikono; na wewe dada mpendwa, mke mwenzangu wa mazoezi, uliyekaa hapo mbele na leso bado mkononi: nawasalimu nyote. Kama kuna niliyemruka, asininunie. Itifaki ni ngumu kuliko kuegesha gari kinyumenyume.

Kabla sijaendelea nina maombi mawili. Fundi mitambo, ile namba inayowaka ukutani nyuma yangu, tafadhali usiizime. Najua onyesho limekwisha, iache tu. Na wewe mume wangu, hicho kibanio kilichobaki kidoleni mwako, usikivue. Naona unakitafutatafuta. Kiache, kitakuwa na kazi.

Kwa waliochelewa kufika niwaeleze ili twende pamoja. Mume wangu anastaafu leo. Amekuwa mshauri wa ndoa katika kituo hiki tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na muda wote huo amefanya kazi bega kwa bega na huyu dada wa leso. Muda mfupi uliopita wametuonyesha lile onyesho lao maarufu la kufundishia washauri wapya: wanakaa kwenye viti viwili, magoti yakikaribia kugusana, dada anakuwa mke aliyeumizwa, mume wangu anakuwa mume aliyeumiza. Kila mmoja anavaa kibanio kidoleni kinachohesabu mapigo ya moyo, na mapigo yanaonekana ukutani kila mtu ayaone. Mke anasema kilichomuuma. Mume anasikiliza, anamshika mkono, anaomba radhi. Namba ya mke inashuka. Watu wanalia. Hata mgeni rasmi nimemwona akifuta miwani, na miwani haikuwa na vumbi.

Baada ya makofi Mkurugenzi alitangaza kwamba angependa wawili hawa waendelee kulizungusha onyesho hilo kwenye vituo vingine, mji hadi mji, hata baada ya kustaafu. Mume wangu akajibu kwa adabu yake ile: "Nitatoa jibu baada ya kumsikia mke wangu." Mkampigia makofi tena. Nikaitwa mimi nitoe neno la familia. Basi jamani, ndiyo maana nimesimama hapa, na jibu linaningoja mimi.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wangu wananiita Mwalimu Breki, kwa sababu gari langu lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kwangu kwenye kiti cha pembeni. Kazi yangu ni kukaa pembeni, kunyamaza, na kukanyaga pale tu hatari inapotokea. Nimekaa pembeni ya kazi ya mume wangu muda mrefu sana. Leo mniruhusu nikanyage.

Nianze na sifa, maana sherehe ni yake. Nani hapa hajui alichofanya mtu huyu? Zamani mtu akigombana na mwenzake alipewa nasaha mbili: vumilia, au rudi kwenu. Mume wangu akaja na elimu ya mafungamano. Anasema mtu mzima ni mtoto aliyeongezwa urefu tu. Mtoto akilia hataki hotuba, anataka kujua kama kuna mtu anakuja. Akiona kila akilia anajiwa, moyo wake unatulia. Asipojiwa, ama anajifunza kupiga kelele zaidi, ama anaacha kabisa kulia na watu wanamsifu kwamba ni mtoto mtulivu. Kisha tunakua, tunaoa, tunaolewa, na mzigo ule ule tunauingiza chumbani. Mke anayefoka kwamba taulo limeachwa tena kitandani hasemi habari ya taulo. Anauliza, nikikuita utakuja? Na mume anayetoka nje kimya kwenda kukagua gari lisilo na ubovu wowote hamkimbii mke. Anakimbia kengele iliyolia ndani ya kichwa chake.

Kengele hiyo ipo, si maneno ya kutunga. Wataalamu wanaiita amigdala, iko ndani ya ubongo, ukubwa wake kama lozi. Ikilia kwa nguvu, sehemu ya mbele ya ubongo, ile yenye busara na subira, inafunga duka. Ndiyo maana mume wangu anawafundisha kwamba mapigo yakivuka mia acheni kubishana, maana hapo hakuna tena watu wanaobishana, kuna kengele mbili zinajibizana. Na dawa ya kengele si hoja. Ni mkono. Ukishikwa mkono na mtu unayemwamini, kengele inashusha sauti, na duka linafunguliwa tena.

Ni elimu nzuri. Nimeiona ikifanya kazi. Hapo barabarani kwetu kuna fundi viatu na mkewe waliokuwa wakitukanana mpaka wateja wanakimbia na kiatu kimoja. Leo wanagawana kipande kimoja cha mkate. Sina ugomvi na elimu hiyo hata kidogo. Ugomvi wangu ni kwamba ilikuwa ikipita mlangoni kwangu kila asubuhi ikiwa njiani kwenda kwa wengine.

Nina wivu, jamani. Niseme wazi, maana wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimezaa. Nina wivu mpaka kwenye kope.

Nina wivu na chumba namba nne. Mume wangu ana sauti mbili, nyinyi mnaijua moja. Sauti ya chumba namba nne ni ya taratibu, ina nafasi katikati ya maneno, inasema, "Nakusikia. Endelea. Hapo ulipofika, uliumia wapi?" Sauti ya nyumbani inasema, "Funguo ziko wapi?" Siku moja nilimpitishia miwani aliyoisahau, nikasimama nje ya mlango ule, nikaisikia ile sauti ya kwanza. Ilikuwa ikimuuliza mama mmoja kama usiku analala vizuri. Nikajisikia kama mtu anayenusa chakula chake mwenyewe kikipikwa kwa jirani. Nikaiacha miwani kwa karani nikaondoka, na siku nzima nikawafokea wanafunzi wangu kwa makosa ya kona ambayo hawakuyafanya.

Nina wivu na kile kibanio. Mnadhani hakikufika nyumbani? Kilifika! Tulikuwa tunagombana juu ya bomba la jikoni, alilosema angelitengeneza wiki ile, na wiki zikapita zikashikana mikono. Nikapandisha sauti. Yeye akaenda kwenye mkoba wake, akarudi na kibanio, akanibana nacho kidole, akatazama namba, akasema kwa upole, "Mke wangu, mapigo yako yamevuka mia. Tupumzike kidogo."

Nikamwambia, "Mimi sijachoka. Nimekasirika."

Akasema, "Ndiyo hivyo, ubongo wako sasa hivi hauwezi kunisikia."

Nikamwambia, "Ubongo wangu unalisikia bomba. Linadondoka."

Mnacheka. Na mimi nilicheka, kesho yake. Lakini niwaulize, nyie wake kwa waume: alikibana kidole changu, cha kwake alikibana? Hata mara moja hakukibana. Nyumba nzima ilikuwa na mgonjwa mmoja na daktari mmoja, na kila tulipogombana daktari ndiye aliyekuwa na afya njema. Mganga hajigangi, sawa, tumezoea. Lakini mganga huyu alikuwa hata hajipimi.

Nina wivu na hivi viti. Mnaviona? Mnavitazama kwa heshima, nimesikia kijana mmoja akiviita viti vya uponyaji. Ndugu zangu, hivyo ni viti vya mezani kwangu. Nilivinunua mimi, sita, vya mti mgumu, na alama ile kwenye mguu wa kile cha kushoto ni meno ya binti yetu alipokuwa anaota meno. Mume wangu alikuja akasema, "Naazima viwili, vya kituo vinalia watu wakivikalia, vinaharibu mazungumzo." Akaazima. Nyumbani vikabaki vinne. Wageni wakizidi, mmoja anakalia ndoo iliyopinduliwa, na kwa desturi mgeni huyo ni shemeji yangu, hapo alipo ananiunga mkono kwa kichwa. Viti vyangu viwili vikaja huku vikawa maarufu kuliko mimi. Na aliyekalia kimoja kila wiki, akitazamana na mume wangu goti kwa goti, si mimi.

Sasa nije kwako, mke mwenzangu wa mazoezi. Usitishike, sina silaha. Wewe ni mtu wa heshima, una mume wako mwema pale, na kati yako na mume wangu sijawahi kushuku jambo la aibu. Watu walijaribu kunitilia maneno sikioni. Nikawaambia, ningependa liwe hilo, maana hilo naijua dawa yake. Wivu wangu kwako ni wa aina nyingine, haukuwa na jina, mpaka siku nilipompata mwanafunzi mmoja tuliyempa jina la Polepole.

Polepole ni mshauri katika kituo hiki sasa, yupo meza ya nyuma, anajificha nyuma ya ua. Usijifiche, mwanangu, hukukosea kitu. Alikuja kujifunza udereva nami wakati huo huo alipokuwa anajifunza ushauri hapa. Hakujua mimi ni mke wa nani, na mimi sikuona haja ya kumwambia. Garini kwangu mtu ni mwanafunzi, basi. Alikuwa haendi zaidi ya gia ya pili. Siku hiyo tulikuwa tunakaribia mzunguko wa barabara, magari yamejaa, akaniuliza, "Mwalimu, wewe umeolewa?"

Nikasema, "Nimeolewa. Tazama kioo."

Akasema, "Jana darasani mwalimu wetu aliigiza anamwomba radhi mkewe. Mwalimu, sijawahi kusikia mwanamume akisema maneno vile. Mke alikuwa hospitali, mimba imetoka, ameruhusiwa kurudi nyumbani. Akakaa kwenye benchi la mlangoni na mfuko wake wa nguo, anamngoja mumewe. Kila gari likisimama anainuka. Mpaka mfagiaji akamwambia, mama, inua miguu kidogo nifagie. Na mume hakuja."

Gari likazimika katikati ya mzunguko. Polepole alidhani ni yeye aliyelizima, akaanza kuniomba samahani na kulia. Hakuwa yeye. Mguu uliokanyaga breki ulikuwa wangu.

 

Ndugu zangu, lile benchi nililikalia mimi. Mfuko ule ulikuwa wangu, wenye mistari ya kijani, zipu imeharibika, nimeushika mdomo kwa mkono ili nguo zisionekane. Maneno ya mfagiaji ni maneno niliyoambiwa mimi, na miguu niliyoinua ni hii. Ilikuwa mimba yetu ya pili. Mume wangu alikuwa chumba namba nne na watu wawili nisiowajua, ndoa yao ilikuwa inaning'inia kwenye uzi, na sheria ya chumba kile mnaijua: mlango ukifungwa, haugongwi. Ujumbe wangu ulikaa mapokezi. Wale wawili walipatana siku ile, na Mungu awabariki popote walipo. Mimi nikapanda gari la watu nikarudi nyumbani. Akaja baadaye na mfuko wa machungwa. Akasema, "Pole, mke wangu. Kazi ilinibana." Nikayamenya machungwa. Nilimsimulia benchi lile mara moja tu, miaka ikishapita, nikiwa naendesha gari naye kiti cha pembeni; akasema, "Angalia, kuna baiskeli mbele."

Kumbe alisikia kila kitu! Alisikia mpaka mfagiaji. Alilichukua benchi langu akaja nalo huku, akampa dada huyu alikalie, na kila alipolikalia aliombwa radhi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi sikuwepo, na msamaha wangu ulikuwa unaombwa kila muhula, kwa mwanamke mwingine, mbele ya darasa jipya, nao wakiandika.

Ndiyo huo wivu wangu. Mwanamke mwingine humwonea mwenzake wivu kwa pete, kwa nyumba, kwa mume. Mimi nilimwonea huyu dada wivu kwa sababu alikuwa ameombwa radhi yangu.

Dada, naona sura yako. Hukujua. Ulidhani ni kisa cha kutunga, naye hakukwambia. Umemgeukia unamtazama, na mimi nakuomba umwache kwanza, zamu yako itafika. Namjua mke mwenza mwenye hila anavyokaa, wewe huna hata chembe. Na niseme haki yako: leo, nilipokuona ukisema "kila gari likisimama nilikuwa nainuka," ulilisema vizuri kuliko nilivyowahi kulisema mimi. Nilikuonea wivu hata kwa hilo.

Mtaniuliza, kwa nini hukumkabili nyumbani? Nilijaribu. Nilimwalika mara nyingi kwa mafumbo. Nilimuuliza onyesho linahusu nini, akasema, "Mambo ya kawaida ya wanandoa." Nilimwambia nataka kuja kuliona, akasema, "Utachoka bure." Basi nikanyamaza kama ninavyonyamaza garini, nikijua kona itafika. Leo kituo kimemwandalia sherehe na kimechagua onyesho lenyewe, yeye hakuulizwa. Nimekaa hapo mstari wa mbele nimeliona kwa macho yangu kwa mara ya kwanza. Na nimeona jambo ambalo Polepole hakuniambia.

Wote mlikuwa mnatazama namba ya dada, ile iliyokuwa juu ikashuka aliposhikwa mkono. Mimi nilikuwa natazama namba ya mume wangu. Niliitazama mwanzo mpaka mwisho. Aliposikia habari ya benchi, haikutikisika. Alipopiga goti, haikutikisika. Aliposema, "Ulikuwa unaniita, na mimi sikuja, na hakuna ndoa ya watu wengine iliyostahili kukaa mahali pako," maneno ambayo mimi ningeambiwa ningevuka barabara bila kutazama pande zote, namba yake ilikuwa sabini na kitu, kama mtu anayesubiri chai.

Mwanzoni roho iliniuma. Nikasema, tazama, hata hajali. Kisha nikakumbuka elimu yake mwenyewe. Kengele hailii pasipo na hatari. Mume wangu, kwenye kiti hicho ulikuwa salama. Mwanamke uliyemwomba radhi hukuwa umemkosea. Hakuwa na haki ya kukukatalia, na darasa likiisha anarudi kwa mumewe na wewe unarudi kwangu kuuliza funguo. Mtu anaweza kuendesha vizuri sana gari lililozimwa. Nimewaona wengi, wanazungusha usukani, wanabadilisha gia, wanapiga honi. Washa injini sasa, uone kama mguu hautetemeki.

Kwa hiyo nikaomba ile namba isizimwe. Sijaitazama tangu nisimame hapa. Nimeipa mgongo kwa makusudi, kwa sababu niliogopa. Ndiyo, mimi Mwalimu Breki niliogopa. Nilijiuliza, nikigeuka nikakuta bado ni sabini na kitu, nitaendaje nyumbani na mtu huyu? Nitakaa naye vipi huko uzeeni, na viti vinne, mwanamume ambaye moyo wake unasimulia habari zangu bila kushtuka? Hilo ndilo lililoniweka macho, ndugu zangu, wala si safari za mji hadi mji.

Nageuka sasa. Mniwie radhi nikiwapa mgongo.

Mia na thelathini na moja.

Fundi mitambo, mashine iko sawa? Iko sawa. Tazameni, inapanda. Ninapomtazama inapanda. Mume wangu, unatokwa jasho. Miaka yote hii umekipima kidole changu, leo namba hiyo ni ya kwako, na ni kwa ajili yangu. Dada huyu hajawahi kuipata. Hakuna darasa lililowahi kuipata. Sijui kama bibi mwingine yeyote ukumbini humu amewahi kupewa zawadi ya mia na thelathini na moja mbele ya mgeni rasmi, lakini mimi nimepewa, na nitaitunza.

Hapana, usiinuke. Keti. Najua unataka kuja hapa kupiga goti. Usipige goti hapa, mpenzi, hapa umeshapiga sana. Usiseme neno hata moja. Kwanza, kwa kanuni yako mwenyewe, mapigo yamevuka mia na ubongo hauna busara. Pili, maneno yale umeyasema kwa sauti nzuri ya chumba namba nne, na mimi siyataki kwa sauti hiyo tena. Nayataka kwa ile ya nyumbani, yenye mikwaruzo. Ukikosea, kosea. Ukikwama katikati, kwama. Nina breki.

Ndugu Mkurugenzi, sijakusahau. Jibu lako ni hili. Mume wangu aende. Atafundisha, kwa sababu kuna benchi jingine mahali fulani leo hii na kuna mtu amelikalia, na mwenzake yuko kazini anaokoa dunia. Afundishwe huyo aje mbio. Na dada huyu aende naye, nawapa baraka zangu, ila wivu wangu haujaisha, asije mtu akadhani umeisha, huu nitazeeka nao. Lakini kisa cha benchi hakiendi. Tafuteni kingine, ndoa hazijawahi kukosa visa. Nawapa bure kisa cha bomba la jikoni, linadondoka mpaka leo. Benchi ni langu, linarudi nyumbani.

Na viti pia vinarudi nyumbani. Shemeji, hebu simama, wewe wa ndoo. Hivyo viwili, vibebe ukavipakie nyuma ya gari langu. Kituo kitafute viti vyake, na vikilia watu wakivikalia, acheni vilie, huenda vina sababu.

Mgeni rasmi, nakushukuru kwa uvumilivu. Bodi na wafanyakazi wote, nawashukuru kwa kumtunza mume wangu na kumpa kazi aliyoipenda. Polepole, nakushukuru, na jaribu gia ya tatu. Dada yangu wa leso, nakushukuru kwa kunikalia mahali pangu mpaka nilipofika. Sasa nimefika, niachie nikae.

Gari langu liko mlangoni, nimeliegesha likitazama nje. Mume wangu, leo utaendesha wewe. Mimi nitakaa pembeni, nitautoa mguu wangu kwenye breki, na hatutazungumzia baiskeli yoyote.

Wote mlionisikiliza, asanteni sana kwa kunisikiliza. Mume wangu, wewe sikushukuru bado. Wewe ndiyo kwanza unaanza.